Juni Hii, Twendeni Ngozi

Masika yakianza kukatika, vikundi vya jogging vya Temeke na Kinondoni hurudi barabarani kwa nguvu. Jumamosi alfajiri, Mbagala Rangi Tatu, unaanza kusikia filimbi, kisha fulana za rangi moja zinakata kona, mbele yuko anayeimbisha na nyuma kabisa yuko mama wa makamo anayekimbia kwa mwendo wake, na kuna kijana amepewa kazi ya kumsindikiza asiachwe. Tegeta na Bunju ni hivyo hivyo. Vikundi hivi vina mwenyekiti, mweka hazina, ada ya mwezi na daftari la mahudhurio. Vinazika, vinatembelea wagonjwa, vinafagia masoko, vinaalikana kwenye mabonanza. Ninyi ndio ninaowaandikia kwanza, na baada yenu walimu, skauti, kwaya, vijana wa misikitini, na kila familia ya pembezoni mwa jiji ambayo likizo ya Juni huipita bila mpango.

Ombi langu ni hili. Mwaka huu pangeni safari moja fupi ya kutembea kwa miguu, mabegi mgongoni, hadi kwenye maziwa ya milimani ya Rungwe, yaani Ngozi na Masoko. Ni safari ya siku tano ukihesabu na barabara. Siku za kutembea zenyewe ni mbili. Haihitaji kampuni kubwa ya utalii wala vifaa vya kuagiza nje. Inahitaji kikundi kinachojua kupanga, na hicho mnacho tayari.

Mtaniambia Rungwe ni mbali. Ni mbali kweli, kilomita zaidi ya 800. Lakini milima ile iko jikoni kwetu kila siku. Nendeni Mabibo, pale wanapopaita Mahakama ya Ndizi, mkaulize mikungu inatoka wapi, Rungwe itatajwa. Viazi mviringo vinavyokaangwa chipsi Tandika na Mwananyamala vinaletwa na malori usiku kucha kutoka nyanda za juu kusini. Parachichi, majani ya chai, maharage, mchele wa Kyela kwa mwenye uwezo, vyote vinapita barabara ile ile. Hata gesi inayotoa povu kwenye soda: chini ya Mlima Kyejo huko Rungwe, kaboni dioksidi inatoka ardhini yenyewe, na kampuni ya TOL huivuna na kuwauzia watengenezaji wa vinywaji.

Na kuna umeme. Miteremko ya milima ya Uporoto na Kipengere inayotazama kaskazini hulisha mito ya bonde la Usangu. Maji hayo ndiyo yanayokuwa Ruaha Mkuu, yanapita Mtera, yanapita Kidatu, yanaingia Rufiji, na sasa yanafika kwenye bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Waliokuwa na saluni au mashine ya kusaga mwaka 2006 na mwaka 2011 wanakumbuka mgawo ulivyokuwa. Mvua ilikuwa imeadimika kwenye vyanzo vya mito, na giza likaingia Temeke. Misitu ile inatuhusu sisi wa huku uwandani, tena sana, na bado wengi wetu hatujawahi kuiona hata kwa dirisha la basi.

Ngozi ni volkano. Sehemu ya juu kabisa ya ukingo wake iko mita 2,620 juu ya usawa wa bahari. Ndani ya ukingo huo mlima uliporomoka wenyewe baada ya mlipuko, likabaki shimo kubwa, na shimo likajaa maji: urefu wa takriban kilomita 2.5, upana wa kilomita 1.6, kina kinachopita mita 70. Hakuna mto unaotoka ndani yake. Pande zote ni kuta za msitu mnene. Wanasayansi wanakadiria kwamba mlima huu ulilipuka mara ya mwisho katika karne ya 15, wakati Kilwa bado ina masultani wake, na kwa umri wa mlima hiyo ni juzi tu. Joto bado lipo chini. Ndiyo maana serikali, kupitia kampuni yake ya jotoardhi, TGDC, imekuwa ikichoronga visima eneo la Ngozi kutafuta mvuke wa kuzalishia umeme.

Mtoto wetu wa Chamazi anafundishwa haya darasani. Anachora kaldera kwenye daftari, anaandika majina kwa kalamu nyekundu, anapata vema. Amezaliwa kwenye mchanga tambarare na mwinuko mkubwa anaoujua ni kilima cha Pugu. Mpeni nafasi asimame juu ya ukingo wa kaldera yenyewe, aone kwamba kile alichochora kina upepo na kina baridi.

Sasa kwa nini Juni, na tena mwanzoni? Nyanda za juu kusini hazina vuli na masika kama sisi wa pwani. Kule mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na Rungwe ni miongoni mwa wilaya zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini. Kipindi hicho njia ya Ngozi ni tope tupu. Juni ikiingia, mvua inakata, lakini msitu bado umelowa na kila kitu ni kibichi. Hewa imeoshwa. Moshi wa kuchoma mashamba, ambao Septemba na Oktoba hufunika milima yote, haujaanza. Ukibahatika na siku nzuri unaona mbali ajabu. Shule nazo zimefungwa, kwa hiyo vijana wanaweza kwenda bila kuibia siku za masomo.

Msimu huu una gharama zake pia, na ni vizuri kuzijua kabla. Njia inateleza, hasa penye mizizi, kwa sababu jua halifiki chini ya miti. Na kuna baridi. Juni na Julai ndiyo miezi ya baridi kali kule. Usiku Mbeya na Uyole nyuzi hushuka chini ya 10, na jirani tu, kwenye uwanda wa Kitulo, umande huganda juu ya majani. Mtu wa Mbagala ambaye shuka moja humtosha mwaka mzima lazima aambiwe hili mapema, tena kwa msisitizo, maana kinachoharibu safari za milimani kwa watu wa pwani si mlima, ni usiku wa kwanza. Kama Juni haiwezekani, subirini siku za Nanenane, ingawa wakati huo maonyesho ya viwanja vya John Mwakangale pale Uyole hujaza gesti zote, kwa hiyo mtalazimika kuweka nafasi mapema.

Kuhusu usafiri, mabasi ya Mbeya na Tukuyu yanapatikana kituo cha Magufuli, Mbezi Louis. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku, na wengi watapenda kuondoka Ijumaa jioni ili wasipoteze siku. Mimi nawasihi mwende mchana na kurudi usiku. Sababu ni vijana. Wapite Mikumi macho wazi, tembo wakiwa kando ya lami. Wapite bonde la mibuyu la Ruaha. Waone basi linavyopanda Kitonga kwa gia ndogo, korongo liko upande mmoja, na hewa inavyobadilika dirishani kabla hamjafika Iringa. Waone misonobari ya Sao Hill. Hayo nayo ni sehemu ya safari, tena yamo ndani ya nauli. Wapenda reli wanajua kwamba kituo cha TAZARA kiko mlangoni mwetu, kwenye makutano ya barabara za Nyerere na Mandela, na kwamba reli ile iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 inafika Mbeya. Ratiba za abiria hubadilika, kwa hiyo nendeni kituoni mkaulize kabla ya kuchangishana.

Shukeni Uyole, msiende mpaka Mbeya mjini. Pale ndipo barabara ya Tukuyu na Kyela inapochepuka. Pandeni Kosta hadi Tukuyu, mlale. Siku hiyo msifanye kitu kingine chochote zaidi ya kula, kutembea kidogo mjini na kuonana na kiongozi atakayewapeleka kesho yake. Mmetoka usawa wa bahari asubuhi, mmelala juu. Mwili unahitaji usiku mmoja wa kuzoea.

Siku ya Ngozi inaanza mapema, na gari linarudi upande wa Mbeya hadi Isongole. Kutoka barabara kuu ni kilomita kadhaa za njia ya vumbi katikati ya mashamba ya viazi. Bodaboda watawazunguka, na kwa mwenye goti bovu ni msaada mzuri. Wengine tembeeni. Sehemu hii ya tambarare ndiyo inayopasha miguu joto na kuwafanya msalimiane na wenye mashamba. Kisha mashamba yanaisha ghafla, na msitu unaanza hapo hapo, bila kukaribisha. Mwanga unapungua. Kuna migomba-mwitu yenye majani makubwa yaliyochanika, kuna magome yaliyovaa kuvumwani, na mkinyamaza mnaweza kusikia mbega juu. Njia inapanda taratibu, halafu inapanda kwa kweli. Kipande cha mwisho mkono unashika mzizi na mguu unatafuta mzizi mwingine. Hapo nyimbo za jogging zote hukatika, si kwa woga bali kwa pumzi. Anayeongoza asijifanye shujaa. Mwendo wa kundi uwe mwendo wa aliye taratibu kuliko wote, kama mnavyofanya barabarani kila Jumamosi.

Halafu njia inaacha kupanda. Mko juu ya ukingo, ni pembamba, na mara nyingi mnachokiona mbele ni ukungu mweupe tu. Hapa ndipo vikundi vingi hupiga picha moja ya ukungu na kugeuka. Msigeuke. Vaeni jaketi kabla jasho halijapoa, toeni mayai na mihogo ya kuchemsha, mimineni chai kutoka kwenye chupa, mkae. Upepo ukigeuka ukungu unakatika vipande vipande, na chini kabisa, mita 200 na zaidi, yanatokea maji ya kijani yaliyotulia, ng'ambo yake ukuta mwingine wa msitu. Kisha yanafunikwa tena. Mtu aliyekaa saa nzima pale ataondoka ameliona ziwa mara kadhaa, kila mara kwa rangi tofauti kidogo.

Njia ya kushuka hadi majini ipo, lakini ni mteremko mkali, na mwanzoni mwa msimu udongo wake bado umelowa. Kundi lenye watoto au watu wanaoenda mara ya kwanza libaki juu. Ukingo unatosha. Kubalianeni pia, kabla hamjaondoka gesti, saa ya kugeuka: ikifika saa saba mchana, popote mlipo, mnarudi. Msitu ule unakuwa giza mapema kuliko barabarani, na kuteremka mizizi iliyolowa kwa tochi ndiko kunakovunja vifundo vya miguu.

Masoko ni siku tofauti kabisa, na mimi naipenda kwa namna yake. Kutoka Tukuyu mnateremka barabara ya vijijini takriban kilomita 15, mabegi mgongoni, chai ikibaki juu na migomba ikizidi kuongezeka, na kila baada ya mwendo mnavua nguo moja kwa sababu joto linarudi. Ziwa lenyewe liko chini ya mita 900 kutoka usawa wa bahari. Ni dogo, upana wake ni kama mita 700, karibu duara kamili, na kina kinakaribia mita 40. Juu yake kuna majengo ya zamani ya Wajerumani, na wenyeji watawasimulia kwamba Wajerumani walipokuwa wanaondoka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walitupa fedha zao humo ziwani. Sikilizeni simulizi hiyo kutoka kwa mzee wa pale pale. Kisha waambieni vijana jambo jingine, ambalo halina utata: watafiti walichimba matope ya chini ya ziwa hili wakapata tabaka juu ya tabaka zinazorudi nyuma takriban miaka 45,000, chavua na majivu ya volkano yakiwa yamejipanga kwa mfululizo. Kumbukumbu ya mvua na ukame wa sehemu hii ya Afrika imelala chini ya maji ambayo mtoto anaweza kuyagusa kwa mkono. Kugusa kwa mkono, nasema. Msiogelee. Kingo zinashuka ghafla, na wengi wetu, hata sisi tuliokulia karibu na bahari, hatujui kuogelea vizuri kama tunavyodhani.

Turudi nyumbani, kwenye maandalizi, maana ndiyo kiini cha wito huu. Jumamosi mbili au tatu kabla ya safari, badala ya kukimbia, nendeni Pugu. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi uko kwenye mpaka wetu na Kisarawe. Una vilima, una njia, una mapango yenye popo yaliyobaki baada ya uchimbaji wa madini ya kaolini. Kila mtu aende na begi lile lile atakalobeba Rungwe, likiwa na uzito ule ule. Huko ndiko mtakapogundua begi la nani lina mkanda unaokata bega na raba za nani zimeisha soli, na mtagundua mkiwa bado karibu na fundi viatu wa mtaani. Raba za kukimbilia lami hazifai kwenye mizizi yenye tope. Tafuteni viatu vyenye meno chini.

Nguo za baridi msizinunue madukani kwa bei ya ajabu. Mitumba ya Karume na Tandika ina majaketi yaliyotengenezwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya, na hapa Dar hakuna anayeyagombea. Mtu mmoja anahitaji sweta zito, jaketi lisilopitisha maji, mzula wa kichwani, soksi nene jozi tatu, na nguo kavu za kulalia ambazo hazitoki ndani ya mfuko hadi usiku. Jinzi iachwe nyumbani. Ikilowa haikauki na inabeba baridi siku nzima. Siku moja kabla ya kuondoka, tandikeni mkeka sebuleni, kila mmoja amwage vyake juu yake, na mwenzake amwondolee kile asichohitaji. Kazi hiyo ifanywe na mwenzake, kwa sababu mwenye begi ana sababu ya kila kitu. Sufuria moja inatosha watu watano. Chaja za watu wote zinaweza kuwa mbili. Tochi, hapana, hiyo ni ya kila mtu.

Kuna watu wa kuwafikiria kwa uangalifu. Mwenye selimundu asipande bila ruhusa ya daktari wake, kwa sababu baridi, upungufu wa maji mwilini na hewa nyepesi ni mambo yanayoweza kumletea maumivu makali. Mwenye pumu, presha au sukari naye apite kliniki kwanza, abebe dawa zake mwenyewe, na mtu mmoja kwenye kundi ajue ziko mfuko gani. Wanaoumwa kichwa juu ya ukingo wanywe maji, wapumzike, na wasipoona nafuu washuke; kushuka ndiyo dawa. Masoko iko chini na ina mbu, kwa hiyo mnaolala huko mhakikishe chandarua hakibaki Tukuyu. Na nyumbani abaki mtu mwenye orodha ya majina yote, namba za ndugu, jina la gesti na siku ya kurudi.

Halafu kuna namna ya kufika kwa watu. Ukubali au ukatae, ukiingia kijijini na begi mgongoni na fulana ya kikundi, wewe ni Temeke nzima. Msitu wa Ngozi uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Lipeni kiingilio ofisini, mpewe risiti, msitafute njia ya uchochoro. Chukueni kiongozi wa pale pale, mkubaliane bei kabla, mkamlipe kamili bila kumpunguzia njiani kwa kisingizio cha kwamba sisi sote Watanzania. Anayewaongoza ana watoto wa kusomesha kama ninyi, na anajua vitu ambavyo hamtavipata kwingine. Kumbukeni kipunji. Nyani huyo wa misitu ya Rungwe na Kitulo alitangazwa kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 2005, lakini wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na habari zake kabla, na ni maneno yao yaliyowapeleka watafiti msituni. Mkiwa na kiongozi mwenyeji, ulizeni, kisha nyamazeni mumsikilize. Ngozi ina masimulizi na heshima zake, na wapo wanaoyachukulia maji yake kuwa ni tiba. Si mahali pa kupigia spika ya muziki.

Taka zirudi nanyi Dar es Salaam, zote, hata maganda ya pipi. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na tulizoea haraka kuliko tulivyotegemea. Chupa za maji tunaweza kuzizoea pia. Kila mtu abebe chupa ya kudumu, ijazwe maji yaliyochemshwa gesti. Moto msiuwashe msituni hata kama majani yanaonekana mabichi. Na viazi, ndizi na parachichi zinunueni njiani kutoka kwa kina mama wenyewe. Mkishapajua mahali zinapolimwa, bei ya Mabibo mtaielewa kwa namna nyingine.

Najua kuna wazo la kimya linalowazuia wengi, kwamba kupanda milima na begi ni starehe ya wageni wenye pesa na kwamba sisi safari yetu ni msiba au harusi. Nalipinga wazo hili kwa moyo wote. Bibi zetu walitembea siku kadhaa na mizigo kichwani wakijua kila mto. Vijana waliopita JKT wamebeba mizito kuliko hii. Nchi hii ni yetu kwa miguu pia, si kwa ramani na nyimbo tu. Pesa ni hoja ya kweli, na jibu lake ni muda. Kikundi kinachoweka kidogo kidogo kila wiki kwenye kibubu, kuanzia mwezi wa kumi au wa pili, kufikia Juni kina nauli. Walioko nyuma ya muda mwaka huu waanze na watu wachache, kisha wafungue kibubu cha mwakani siku ile ile wanaporudi. Na tafadhali, kila wanachama kumi watenge nafasi ya kijana mmoja wa mtaani ambaye hana wa kumlipia. Najua mitaa yetu. Hamtakosa wa kumchagua.

Kina mama msiachwe nyuma kwa kisingizio cha usalama. Usalama unapangwa: vyumba vya pamoja, matroni wawili, kiongozi anayejulikana ofisini, hakuna anayetembea peke yake. Viongozi wa vikundi, ni kazi yenu kuhakikisha wasichana wanasikia tangazo hili siku ile ile wavulana wanapolisikia, na kwamba wazazi wao wamefuatwa nyumbani na mtu mzima anayeheshimika. Waalikeni pia Wanyakyusa na Wasafwa wa mitaa yenu. Hakuna mtaa wa Temeke usiokuwa nao. Watawafundisha kusalimia na kusema ndaga, yaani asante, watawaambia gesti ipi ina blanketi za kutosha, na pengine watawapa mzigo mdogo wa kumpelekea mama mzazi.

Wenyeviti, kikao chenu kijacho ni Jumapili. Wekeni jambo hili kwenye ajenda kabla ya mengineyo, si ndani yake. Chagueni watu watatu: mmoja wa fedha, mmoja wa usafiri na malazi, mmoja wa afya na vifaa. Huyo wa pili apige simu Tukuyu wiki hiyo hiyo kuulizia gesti na kiongozi. Andikeni majina ya walio tayari, hata wakiwa sita tu, na tarehe ya Pugu ya kwanza itangazwe kabla kikao hakijafungwa.